Ukataji pointi wa Ligi Kuu ya Uingereza: nyota mbili kati ya tano

Nyota mbili, na hiyo ya pili nimeitoa kwa heshima ya bodi ya rufaa, wasingekuwepo wale jamaa ningeishia moja. Naongelea huu mfumo wa kukata pointi klabu zinazopata hasara kupita kiwango, PSR, yaani sheria za faida na uendelevu, ile inayotajwa kila dirisha la usajili likikaribia. Najua mtu ataniambia hii siyo bidhaa bana, unaitoleaje nyota, lakini ni huduma kabisa, ina wanaoiendesha na ina wanaoilipia na ina mteja, na mteja wake wa mwisho ni shabiki anayefungua msimamo wa ligi anakuta timu yake imeporomoka nafasi tano wakati wiki nzima hakuna mechi iliyochezwa.

Kwa wasiofuatilia sana, inafanya kazi hivi. Klabu inaruhusiwa hasara ya mpaka pauni milioni 105 kwa misimu 3, yaani 35 kwa msimu, na kama msimu fulani ulikuwa Championship, daraja la pili, basi huo unahesabiwa 13 tu. Hela ya akademi, uwanja, timu ya wanawake na kazi za jamii haiingizwi kwenye hesabu. Ukizidisha unapelekwa kwa tume huru ya watu watatu, wanasikiliza mawakili, wanapanga adhabu, usiporidhika unakata rufaa kwa bodi nyingine. Kwenye karatasi imetulia. Ila hiyo 105 iliwekwa 2013 na mpaka kesi zinaanza kumiminika ilikuwa haijaguswa, na humo katikati 2023 Chelsea wakatoa dau linaloweza kufika milioni 115 kwa kiungo Caicedo peke yake. Najua ada ya mchezaji inagawanywa kwa miaka ya mkataba, siyo inaingia yote kwa mkupuo, lakini unaelewa nachosema.

Sasa Everton, maana hapa ndo huduma ilipoonyesha rangi zake zote.

Tarehe 17 Novemba 2023 tume ikawakata pointi 10. Kosa lenyewe, hasara ya milioni 124.5 kwa kipindi kilichoishia msimu wa 2021/22, wamezidisha 19.5. Walikuwa nafasi ya 14 na pointi 14, wakajikuta wa 19 wana 4. Kabla yao klabu ya Ligi Kuu iliyokatwa nyingi zaidi ilikuwa Portsmouth, pointi 9 msimu wa 2009/10, na Portsmouth walikuwa wameishiwa kabisa, klabu imewekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, wachezaji wanauzwa ili angalau mishahara itoke. Kwa hiyo ukifilisika kabisa 9, ukizidisha milioni 19.5 huku mishahara inalipwa na uwanja mpya unajengwa, 10. Hapo hata mtu ambaye hana shida na Everton alikuwa anakuna kichwa.

Na kuna kipande kimoja kwenye ile hukumu ambacho mimi ndo kilinimaliza. Ligi yenyewe ilipeleka fomula yake, kwamba adhabu ianzie pointi 6 halafu iongezwe pointi 1 kwa kila milioni 5 iliyozidi. Tume ikasema hapana, sisi hatufungwi na fomula, tunaangalia kesi yenyewe ilivyo. Sawa, safi, uhuru wa tume. Halafu wakatoa 10. Chukua kikokotoo, 19.5 gawanya kwa 5 unapata 3.9, jumlisha 6, inakuja 9.9. Yaani fomula imekataliwa mlangoni ikaingia kwa dirishani, na hakuna sehemu wanakuonyesha 10 imejengwaje, kwamba hizi ni za kosa, hizi ni za ukubwa wa kosa, hizi tumepunguza kwa sababu hii. Mteja anapewa bili ina jumla tu chini.

Mechi ya kwanza nyumbani baada ya hapo ilikuwa 26 Novemba, Goodison Park, Manchester United wamekuja. Uwanja mzima umeshika kadi za pinki zenye nembo ya ligi na neno la kuwaita mafisadi, wimbo wa ligi unapigwa hausikiki kwa kuzomewa. Kelele ile ungesema leo United wanaliwa wazima. Dakika ya 3 Garnacho akapiga tikitaka moja ambayo mpaka leo ikioneshwa narudia, ikaisha 3-0. Mpira hauna huruma. Lakini Desemba ikaja Everton wakawafunga Nottingham Forest, Newcastle, Chelsea na Burnley mfululizo, pointi 12 kwenye mechi 4, deni limelipwa na chenji imebaki, na Dyche, kocha wao wakati huo, anaongea kwa ile sauti yake kama amekunywa changarawe hakuna anachokiona cha ajabu. (Hawa ndo Everton waliokuja Taifa 2017 wakacheza na Gor Mahia, Rooney akatupia lile la mbali, kwa hiyo huku kwetu nao wana watu wao wawili watatu wa kuwaumia.)

Rufaa ilitoka 26 Februari 2024. Walikuwa na hoja 9, zikakubaliwa 2, na hizo mbili zilitosha kushusha 10 mpaka 6. Hoja ya kwanza iliyopita ni kwamba tume ilikosea kuwaona Everton hawakuwa na nia njema kwenye maelezo yao ya mikopo ya uwanja. Ya pili ndo ileile ya Portsmouth, kwamba tume ilitakiwa ijipime na adhabu ambazo tayari zipo, ile 9 ya ufilisi na miongozo ya ligi za chini, haikufanya hivyo. Nimependa sana jinsi bodi ilivyoandika sababu zake, unasoma unaelewa kipi kimekataliwa na kwa nini, hata zile hoja 7 zilizopigwa chini zimejibiwa moja moja. Nyota yangu ya pili ndo hiyo, na wanaistahili.

Shida ni kwamba haikuishia hapo. Aprili 8 Everton wakakatwa tena 2, safari hii kwa kuzidisha milioni 16.6 kwenye kipindi kilichofuata. Katikati Forest nao Machi 18 walikatwa 4 kwa kuzidisha milioni 34.5. Ziweke sambamba kama shabiki wa kawaida anavyoziona: 19.5 ni pointi 6, 34.5 ni pointi 4, 16.6 ni pointi 2. Mtu anakuuliza pale kijiweni sasa bei ya hii kitu ni nini, unamjibu nini? Maelezo yapo, sikatai. Forest walianzia 6, wakapunguziwa 2 kwa kukiri mapema na kutoa ushirikiano wa maana. Everton ile ya pili ilizingatiwa kwamba misimu 2 kati ya 3 walishaadhibiwa, kwamba na wao walikiri, na kwamba hela ya udhamini wa kampuni ya Usmanov, bilionea wa Urusi, ilikatika ghafla baada ya Urusi kuivamia Ukraine 2022. Yote yana mantiki ukikaa chini na zile kurasa. Lakini huduma ambayo lazima usome makumi ya kurasa za kisheria ndo ujue kwa nini 34 imekuwa ndogo kuliko 19, hiyo huduma ina walakini, na usimlaumu anayesema wameonewa.

Kesi ya Forest nataka nikae nayo kidogo kwa sababu mimi naiona ndo nzuri kuliko zote, ina akili pande zote mbili. Kiwango chao kilikuwa 61 siyo 105, kwa vile misimu miwili walikuwa Championship, 13 na 13 na 35. Mahesabu yanafungwa Juni 30. Walikuwa na Brennan Johnson, kijana wa akademi yao wenyewe, kwenye vitabu thamani yake sifuri kwa hiyo akiuzwa hela yote ni faida. Wakamuuza Tottenham Septemba mosi 2023 kwa milioni 47.5. Zaidi ya pengo lote! Miezi miwili tu imechelewa. Hoja yao mbele ya tume ilikuwa, jamani sheria inaitwa ya faida na uendelevu, sasa tungemtoa Juni kwa bei ya kukurupuka ndo uendelevu, au kusubiri tupate bei kamili ndo uendelevu?

Tume ikawakatalia, na rufaa yao ikagonga mwamba Mei 7. Na mimi, pamoja na kwamba moyo ulikuwa upande wao, nasema tume ilikuwa sahihi. Tarehe ilijulikana, klabu nyingine ziliuza watu wao kwa kuumia ili ziwahi tarehe hiyohiyo, ukimwachia Forest maana yake wale waliotii ndo umewaadhibu. Kilichooza ni sheria yenyewe siyo waamuzi wake. Na ushahidi ukaja Juni 2024, siku za mwisho kabla ya 30 ikawa mnada wa watoto. Aston Villa wakamuuza Kellyman Chelsea na wao wakamchukua Maatsen kutoka hukohuko Chelsea. Iroegbunam katoka Villa kaenda Everton, Dobbin katoka Everton kaenda Villa. Newcastle wakamtoa Elliot Anderson kwenda Forest na Minteh kwenda Brighton, na Anderson ni mtoto wa nyumbani kabisa, amekulia kwenye akademi ya Newcastle. Sheria iliyokusudiwa kulinda klabu inafanya mtoto wa nyumbani ndo awe wa kwanza kutolewa, kwa sababu yeye ni faida tupu kwenye karatasi. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Hiyo ndo inakera.

Haya, sasa kitu ambacho kwangu ndo kasoro kubwa kuliko idadi ya pointi, na watu wengi wakibishana 10 au 6 wanakiruka: adhabu inatua msimu gani?

Kosa la kwanza la Everton lilikuwa la kipindi kilichoishia 2021/22. Fungua msimamo wa msimu ule. Everton wa 16 na pointi 39, Leeds wa 17 na 38, Burnley wa 18 na 35, Burnley wakashuka. Toa zile 6 za baada ya rufaa, siyo hata zile 10, Everton wanabaki na 33. Burnley hawashuki, anashuka Everton. Sasa pointi zimekatwa 2023/24, msimu ambao Everton alimaliza na 40 baada ya makato yote 8, wa 15, hata jasho halikumtoka mwishoni. Yaani aliyeumizwa na kosa ameumia peke yake, na aliyekosea ameadhibiwa kwenye msimu ambao adhabu haikumgharimu daraja. Mimi nawapenda Everton lakini ukiniuliza haki iko wapi hapo nakuambia iko Burnley, na kule haikufika. Wanasema mahesabu yanachelewa kukaguliwa, kweli, ila tangu hizo kesi za kwanza walibadili taratibu ili mahesabu yapelekwe Desemba na kesi iishe ndani ya msimu, kwa hiyo ilikuwa inawezekana muda wote, ni hawakuwa wametaka tu.

Linganisha na Middlesbrough 1996/97, adhabu ambayo mpaka leo wenyewe hawajaisamehe. Desemba 1996 walitakiwa kwenda Blackburn, wachezaji kibao wagonjwa na wengine majeruhi, wakasema hatuji. Ligi ikawapiga pointi 3 na faini ya pauni elfu 50. Kile kiporo kikachezwa baadaye kikaisha 0-0. Mwisho wa msimu Boro, hao hao Middlesbrough, wana 39, Coventry wa 17 ana 41. Zile 3 wangekuwa nazo ni 42 na wamebaki. Msimu huohuo wakapoteza fainali mbili za vikombe, na Juninho, kiungo wao Mbrazili, analia uwanjani ile siku ya kushuka, ile picha ukiiona hata kama huwajui unawaonea huruma. Nadhani adhabu ilikuwa nzito kwa timu yenye wagonjwa, wangeweza kulazimishwa wacheze kiporo na kulipa faini wakaachwa. Lakini angalia, kosa la Desemba, adhabu ya Januari, matokeo ya Mei. Uchungu wote umekaa msimu mmoja, na Coventry aliyebaki alibaki palepale. Teknolojia ya 1997 hiyo.

Wanaosema Waingereza ndo wabovu kuliko wote waende Italia wakaone. Juventus Januari 2023 walikatwa 15 kwa mambo ya kukuza thamani za wachezaji kwenye mauzo, Aprili zikarudishwa zote kesi ikaagizwa ianze upya, Mei 22 wakakatwa 10, na habari imetoka muda mfupi tu kabla ya kuingia uwanjani na Empoli, wakafungwa 4-1. Msimamo wa Serie A msimu ule ulikuwa unaandikwa kwa penseli. Kwa hiyo kwa upande huo Waingereza wana afadhali, wakishakata hawarudishi rudishi, wanapunguza mara moja yanaisha.

Kuna hili la nani anafikiwa na huduma na nani hafikiwi. Leicester walizidisha milioni 24.4 kwa kipindi kilichoishia 2022/23, Septemba 2024 bodi ya rufaa ikasema ligi haina mamlaka, kwa sababu mpaka mahesabu yanafungwa Juni 30 Leicester walishashuka hawakuwa tena klabu ya Ligi Kuu. Sheria imeandikwa vibaya, mawakili wakaona tundu wakapita, huwezi kumlaumu wakili. Chelsea waliuza hoteli zao mbili kwa kampuni ndugu ya wamiliki haohao kwa milioni 76.5 na kitabuni ikahesabika mapato, sheria ya ligi iliruhusu, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, hawakuitambua. Everton na Forest wamesimama mbele ya tume, na hao wengine wamesimama mbele ya mhasibu mzuri.

Na Manchester City, najua mnasubiri City. Mashtaka yalitangazwa Februari 2023, yale maarufu 115, yanahusu kuanzia 2009/10, wao wanakana yote. Kusikilizwa kulianza Septemba 2024. Katikati hapo wamechukua ubingwa 2023 na 2024. Sisemi wana hatia, na kulinganisha kesi ya shtaka moja ambalo Forest walikiri na kesi ya mashtaka zaidi ya 100 ya karibu miaka kumi inayopingwa yote siyo haki, ya pili lazima ichukue muda. Lakini kama mteja napima foleni, na kwenye foleni hii nimeona mdogo anahudumiwa ndani ya miezi, mkubwa anaingia na jopo la mawakili na miaka inakatika.

Luton niliwaacha makusudi. 2008/09 walianza msimu na pointi 30 pungufu, 10 za FA, chama cha soka cha England, kwa malipo ya mawakala kinyume cha utaratibu na 20 za Football League, inayosimamia madaraja matatu chini ya Ligi Kuu, kwa kutoka kwenye ufilisi bila makubaliano yanayotakiwa na wadai. Thelathini! Wakapata 56 uwanjani wakamaliza na 26, wakatupwa nje ya Football League kabisa, adhabu ya makosa ya viongozi ambao wengi wao walishaondoka. Miaka 14 baadaye wako Ligi Kuu, 2023/24, wanamaliza wa 18 na pointi 26, namba ileile, wanashuka, na juu yao kuna Forest ambaye amekatwa 4 na bado ana 32. Hata Forest wangekatwa 10 wangelingana na Luton na kubaki kwa tofauti ya magoli. Kwa hiyo makelele yote ya msimu ule, tume, rufaa, mabango, hayakubadilisha timu hata moja kwenye mstari wa kushuka. Ila mpaka Mei 7, wakati ligi inaisha tarehe 19, Luton na Forest hawakuwa na uhakika wanapambana kwenye msimamo upi, na kocha anapanga kikosi huku anasubiri barua.

Ningeongeza nyota kwa vitu viwili tu. Bei iandikwe ukutani, kosa hili pointi hizi, punguzo la kukiri kiasi hiki, kila klabu ijue kabla haijasaini mchezaji. Na adhabu ikatwe kwenye msimu uliochafuliwa, na kama umeshapita basi klabu iliyoshuka kwa ajili ya mwenzake ilipwe moja kwa moja kutoka kwa aliyezidisha, bila kuanza kesi yake upya. Wameshapiga kura kwamba kuanzia 2026/27 wanahamia mfumo mwingine, matumizi ya kikosi yasizidi asilimia 85 ya mapato. Nitautolea nyota ukishamkata mtu wa kwanza, na kitu cha kwanza nitakachoangalia ni tarehe ya hukumu na tarehe ya kosa zimeachana kiasi gani.